Pungufu ya Hakuna

Ukikaa juu ya ile chumvi tangu asubuhi, jua likishapanda milima huanza kuondoka. Huanza ule mdogo wa mashariki. Hukatika kiunoni, miguu yake ikayeyuka ikawa kama maji, na kile kilichobaki kikaelea hewani kama andazi kwenye mafuta. Ardith Hatch alikuwa akiyaona hayo tangu alipokuwa mchumba wa mtu. Sasa alikuwa mjane mwenye magoti yanayolia akiinuka, lakini kila mwaka akifika Bonneville, kwenye uwanda wa chumvi wa mbio za magari, aliitazama milima ile kwanza, kama anayechungulia kwa jirani kuona kama wamo.

"Imeshapaa," alisema.

"Nini kimepaa, shemeji?" aliuliza Rulon Tingey bila kuinua macho kwenye kompyuta yake. Rulon alikuwa rafiki wa marehemu Verl, mume wa Ardith, tangu walipokuwa watoto kule Blackfoot, Idaho. Ndiye fundi wa umeme wa gari lao.

"Milima."

"Itashuka ikichoka."

Mbele yao foleni ya magari ya mbio ilikuwa imelala kichwa kwa mkia juu ya weupe usio na mwisho. La kwao lilikuwa refu na jembamba. Mwili wake ulikuwa tangi la mafuta la ndege ya zamani, lililochongwa, likatiwa magurudumu, likapakwa rangi ya udongo. Verl aliliita Kiazi, na watu wa Blackfoot, ambao wanaishi kwa viazi, waliona wamepewa heshima. Injini iliyokuwa ndani ndiyo ya mwisho kupita mikononi mwake. Alikaza boliti ya mwisho majani yalipokuwa yanapukutika, na theluji ilikuwa haijayeyuka walipomzika. Tangu hapo hakuna aliyeifungua. Watu wawili waliuliza kama wanaweza kuichungulia kidogo tu, na Ardith aliwapa donati za viazi akawaaga.

Ndani ya Kiazi alikuwa amelala binti yao, Janeen, kofia ngumu mapajani, jasho likimtiririka shingoni. Walikuwa wamechelewa kuamka. Waliipasha injini moto kambini, wakaizima, wakalivuta gari mbio mpaka kwenye foleni, na foleni ikakataa kusogea.

"Mama, kitendawili," Janeen alisema kutoka humo ndani, ili asilale.

"Tega."

"Meza ya babu haina miguu, kila majira ya baridi huoshwa na mvua, na hakuna aliyewahi kula juu yake akashiba."

"Chumvi hii. Hicho ni cha baba yako, mwanangu, kimeota mvi. Tega chako."

"Changu kimeyeyuka." Kisha akakumbuka jambo. "Baba mdogo, leo tuliweka sifuri?"

Rulon alijikuna kidevu. "Tulikuwa tunakimbizana na foleni. Hapana."

Ardith alilijua jambo hilo vizuri kuliko alivyojua mapishi ya dada yake. Karibu na injini, juu ya bomba linalogawa mafuta kwa nozeli zinazoyanyunyiza ndani ya injini, kulikuwa na sensa, kijidude cha shaba kisichozidi kidole gumba, kinachopima presha ya mafuta na kuipelekea habari kompyuta ya injini. Verl alikuwa akisema kijidude hicho ni kama mizani ya dukani: kabla hujapima sukari ya watu, hakikisha sahani iko tupu na mshale umelala kwenye hakuna. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla hajatia chochote kinywani, aliwasha kompyuta peke yake, bila pampu, akaionyesha kupitia sensa pale hakuna ilipo. Kulikuwa na kitufe cha kazi hiyo. Alikibonyeza kwa upole, kama anayempapasa mtoto asimwamshe.

"Basi naiweka hapahapa," alisema Janeen. "Injini imezimwa, pampu imezimwa."

"Iweke."

Ardith alikiona kidole cha binti yake kikienda kwenye kitufe, taratibu, kwa upole uleule. Akatazama pembeni. Jua lilikuwa limeligeuza gari kuwa chungu jikoni. Ukiligusa, unatoa mkono.

Zamu yao ilipofika milima yote ilikuwa hewani. Gari la kusukuma lilikiondoa Kiazi polepole, kikakohoa, kikashika, kisha kikaondoka. Kwanza kilikuwa gari. Baadaye kikawa mdudu wa rangi ya udongo. Baadaye kikaachana na ardhi kabisa, kikakimbia juu ya maji yasiyokuwepo, na chini yake kulikuwa na Kiazi kingine kinachokimbia kichwa chini. Sauti ilibaki nyuma, ndefu, kama mtu anayechana kitambaa cha hariri kutoka upande huu wa dunia hadi upande wa pili. Ardith aliifuata kwa masikio. Hakupumua mpaka ikakatika.

Redio ikasema mwendo. Rulon akampiga Ardith begani. Walikuwa wameipita rekodi.

Basi, kwa watu wa chumvi, kuipita mara moja si kitu. Gari likiipita rekodi hupelekwa zizini, uwanja uliozungushiwa kamba, lilale humo chini ya macho ya wasimamizi. Jioni hupewi ila saa chache za kulishughulikia, na asubuhi nyingine moja. Kisha linarudi njiani, na mwendo wa safari zile mbili unachanganywa. Ukishindwa kurudi, ile ya jana inakuwa habari ya kuwasimulia wajukuu.

Na huko kusini mawingu yalikuwa yameanza kujipanga. Kila mtu aliyaona na hakuna aliyeyataja. Mvua ikishuka, meza ya babu inakuwa ziwa, na mbio zimekwisha mpaka mwaka mwingine. Ardith hakuwa na hakika na mwaka mwingine.

Zizini Rulon alichomeka waya wake, akatazama safari ilivyoandikwa na kompyuta, na uso ukambadilika.

"Njooni muone."

Kwenye kioo kulikuwa na mstari mwekundu, ndiyo presha iliyotakiwa. Chini yake ulitembea mstari wa kijani, ndiyo presha iliyosomwa na sensa. Ulitembea chini safari nzima, tangu mwanzo mpaka Janeen alipoachia.

"Injini ilikuwa na njaa," alisema Rulon. "Kompyuta ilipoona presha ndogo ikaziacha nozeli wazi zaidi, ili kufidia. Ndiyo maana tumefika. Lakini kesho Janeen atakanyaga zaidi ya leo, na kufidia kuna mwisho wake. Ukifika hapo, mafuta yanapungua, joto linapanda, pistoni zinayeyuka. Ni sufuria jikoni maji yamekauka. Na mwanao amelala mbele ya hiyo sufuria."

Ardith aliitazama injini ya Verl, ilivyotulia, alama ya kidole chake bado iko kwenye mpira wa bomba moja alipougusa kwa grisi. Hakuwahi kumruhusu mtu kuufuta.

"Tunabadilisha pampu," Janeen alisema. "Ya akiba ipo."

Wakatoa betri, wakafungua mabomba, wakabadilisha. Mafuta yalinuka. Watu wa magari mengine walipita wakitupa maneno.

"Rulon, kiazi kimeiva au bado?"

"Kinangoja chumvi, na wewe umekaa juu yake."

Walipofunga kila kitu na kurudisha betri, Rulon alibonyeza swichi mbili kwa pamoja kama kawaida yake, ya kompyuta na ya pampu. Pampu mpya ikaimba. Mstari wa kijani ukapanda, ukafika palepale, chini ya mwekundu, ukaketi.

"Haiwezekani," Rulon alisema kwa sauti ya chini.

"Geji ya mshale ya Baba iko wapi?" aliuliza Janeen. "Tuifunge, tuone mshale unasemaje."

"Iko Blackfoot, kwenye msumari wake. Na ya jirani nimeshaijaribu, mdomo haukubali bomba letu."

Janeen alikuwa ameshatoa plagi nne za injini, akazipanga kwenye kitambaa. Ardith akainama kuzitazama. Kwa mwanamke aliyeolewa na Verl, kusoma plagi lilikuwa jambo la kawaida kama kusoma uso wa mgeni mlangoni. Injini yenye njaa huacha plagi nyeupe kama mfupa. Hizi zilikuwa na masizi, nyeusi ti.

"Shemeji," alisema, "kitendawili."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi, hata kama unaona naharibu kazi. Mtoto amevimbiwa mpaka hajiwezi, bado analia njaa. Ni nani huyo?"

Rulon alizitazama zile plagi kwa muda. "Masizi hayana ushahidi. Janeen alirudi polepole injini ikiwaka, hata mimi ningeota masizi. Kama angeizima palepale kwenye mwendo, ningeziamini."

"Na pampu mbili zisizojuana zimetoa neno lilelile moja. Wewe umewahi kuona?"

"Sijawahi. Ndiyo maana naogopa." Akaifunga kompyuta yake. "Ardith, gari ni lako. Injini ni ya Verl. Ukiniuliza mimi, asubuhi tulipakie kwenye trela, turudi nyumbani na kila mtu na vidole vyake."

Janeen alikuwa amechuchumaa, kichwa kimeinama. Alikuwa akizirudisha plagi mahali pake, moja baada ya nyingine. Bi Coralee, msimamizi wa zizi, mama mnene mwenye kofia ya majani, akapita akigonga sufuria ndogo kwa kijiko.

"Muda wenu umekwisha, wapenzi. Mikono juu, nendeni mkale."

Hawakula sana. Ardith alilala ndani ya trela huku upepo ukilipapasa bati, na akaota, au hakuota. Mtu mzima hulala usingizi mwepesi kiasi kwamba mpaka kati ya ndoto na macho haujulikani. Alimwona Verl amesimama nyuma ya kaunta ya duka, mbele yake mizani, na kwenye sahani ya mizani kuna mlima, ule mdogo wa mashariki, umekaa kama kipande cha sukari guru. Verl alikuwa anauzungusha mshale. "Sasa unapima hakuna," akasema, akaridhika. Ardith akataka kumwambia auondoe mlima kwanza, lakini mdomo ulikuwa umejaa chumvi.

Alipoamka mbingu ilikuwa na rangi ya maziwa yaliyotiwa kakao kidogo, na baridi ilikuwa imeshuka mpaka chumvi ikilia chini ya viatu. Mawingu yalikuwa yamesogea. Alijifunga shali, akatembea kwenda zizini. Kila hatua ilikuwa na sauti ya mtu anayetafuna.

Bi Coralee alikuwa tayari pale, amekumbatia kikombe.

"Umewahi, Ardith. Watu wako bado wanakoroma."

"Sitagusa chombo. Nataka kulisalimia tu."

"Muda wenu umeanza. Salimia upendavyo."

Kiazi kilikuwa kimelowa umande mwembamba. Aliligusa bati, lilikuwa baridi kama bomba la kisimani. Akaingiza mkono ndani, akaitafuta ile swichi ya kompyuta kwa vidole, kama alivyokuwa akifanya Verl kila asubuhi kabla hajatia chochote kinywani. Swichi moja, bila ya pampu. Hakuwa na nia yoyote. Alitaka tu kidude kile kiwake mara moja zaidi kwa namna ya mwenyewe, kabla hawajakifunga na kukipeleka nyumbani.

Kioo kidogo kikawaka. Namba zikajipanga. Joto, betri, na chini kabisa, presha ya mafuta.

Ardith alivaa miwani. Akaivua, akaifuta kwa shali, akaivaa tena.

Mbele ya namba ya presha kulikuwa na kijistari. Alama ya kutoa.

Alisimama hapo na mkono mmoja kinywani. Mbele yake zizi zima lilikuwa limelala, na nyuma ya zizi milima yote ilikuwa imekaa chini, imetulia, miguu yake imo ardhini kama inavyopaswa. Hakuna hata mmoja uliokuwa unaelea. Akaitazama milima, akaitazama namba, akacheka peke yake, pole pole, mpaka Bi Coralee akageuka.

Alikwenda kumgonga Rulon dirishani kwenye gari lake.

"Kitendawili."

"Ardith, alfajiri yote hii."

"Sema tega."

"Tega, nirudi kulala."

"Nimefungua mtungi uliokauka, nikakuta maji yamo pungufu ya hakuna."

Rulon akajifunika blanketi. "Hakuna kitu kama hicho."

"Ndiyo jibu lenyewe. Sasa amka, kipo kwenye kioo chako."

Alikuja amevaa kiatu kimoja. Akainama, akasoma. Akatoa kompyuta yake, akachomeka waya, akatafuta si presha bali umeme unaotoka kwenye sensa yenyewe, kabla kompyuta ya injini haijautafsiri.

"Nusu volti," alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliye kanisani. "Nusu volti barabara. Ndivyo inavyotakiwa kusema ikiwa haisukumwi na kitu. Sensa ni nzima. Imesema kweli tangu jana. Kompyuta ndiyo imefundishwa hakuna isiyo hakuna."

Janeen alikuwa amefika, nywele zimesimama, shali la mama yake sasa liko mabegani mwake. Alielewa kabla hajamaliziwa.

"Ni mimi," alisema. "Kwenye foleni. Ni mimi niliyebonyeza."

"Injini ilikuwa imezimwa," Rulon alisema. "Mimi nilikubali."

"Ilikuwa imezimwa, lakini tulikuwa tumeipasha moto kambini. Mafuta yalibaki yamefungiwa kwenye bomba, hayana pa kwenda, na lile jua likayapika." Akashika kichwa. "Yalikuwa yamevimba mle ndani, nami nikaiambia kompyuta, hii ndiyo hakuna. Jiwe liko kwenye mizani, nami naweka sifuri."

"Kwa hiyo jana nzima," Rulon alisema, "presha ilikuwa sawasawa. Sisi tulikuwa tunaipunguza lile jiwe. Kompyuta ikadhani kuna njaa, ikaongeza mafuta. Mtoto kavimbiwa." Akamtazama Ardith. "Anayelia njaa."

"Mlinikatalia kitendawili changu," alisema Ardith.

"Sikukikataa. Nilikuwa sijakupa mji."

"Nipe sasa."

"Nakupa Pocatello, na maegesho yake yote."

Janeen hakucheka. Macho yake yalikuwa yameanza kulowa. "Nilitaka kufanya kama Baba."

Ardith alimvuta karibu, akamfunga shali vizuri shingoni. "Ulifanya kama baba yako, ila yeye alifanya kivulini, gerejini kwake, injini bado baridi. Yeye mwenyewe angelifanya hapa chumvini mara moja, angecheka mpaka aketi chini, halafu angelifanya kuwa kitendawili cha kututesa mpaka Krismasi. Haya, weka sifuri. Sasa hivi sahani ni tupu."

Janeen akakibonyeza kitufe, polepole. Kijistari kikatoweka. Ikabaki sifuri, mviringo, kama yai.

"Pampu," alisema Rulon.

Pampu ikaimba. Mstari wa kijani ukapanda, ukafika chini ya mwekundu, haukusimama, ukapanda kidogo tena, ukalala juu yake. Hukuweza kuona rangi ya pili tena.

Wote watatu waliutazama muda mrefu. Kisha Rulon na Janeen wakamgeukia Ardith, kwa kuwa gari lilikuwa lake na mtoto alikuwa wake, na neno la mwisho lilikuwa halijasemwa bado.

Angeweza kusema hapana. Hapana ilikuwa karibu, ilikuwa ulimini. Sensa imesema, plagi zimesema, umeme umesema, na bado moyo wa mama una sifuri yake, haikubali kuguswa na mtu. Alitazama ile alama ya grisi kwenye mpira wa bomba. Ilikuwa kidole gumba cha kushoto. Verl alikuwa na desturi ya kushikilia kwa kushoto anapokaza kwa kulia. Mtu haachi kidole chake kwenye kitu ili kikae kwenye trela.

"Mmekula?" aliuliza.

"Bado," alisema Janeen.

"Kula donati moja. Sitaki mwanangu aende kule na tumbo tupu, wakati hata kompyuta imeshahudumiwa." Akajifanya anatafuta ndoo. "Halafu uende."

Kiazi kilikuwa cha pili kuondoka asubuhi ile. Hewa ilikuwa baridi, wala hapakuwa na maji ya uongo mbele yake. Kilikimbia juu ya ardhi halisi, kikawa kidogo, kikawa nukta, nukta ikawa sauti. Ardith alifumba macho. Ile hariri ikachanwa tena kutoka upande huu mpaka upande ule, ndefu, moja, isiyo na uzi uliokatika hata mahali pamoja, na humo ndani alimsikia mtu anayekaza boliti kwa mkono wa kulia, hana haraka, anapiga mluzi. Aliendelea kusikiliza hata baada ya sauti kwisha.

"Shemeji," Rulon alikuwa akisema. "Ardith. Umesikia redio?"

"Imesema nini?"

"Rekodi. Kwa kidogo sana, lakini ni rekodi."

"Injini je?"

"Janeen anasema namba haikutikisika. Nzima kabisa."

Aliitikia kwa kichwa. Tone moja la mvua lilimwangukia kwenye lenzi ya miwani, kubwa, na jingine likapiga kofia ya Bi Coralee, likalia kama ngoma ndogo. Kule mbali, weupe ulikuwa umeanza kung'aa kwa maji, maji ya kweli safari hii. Alichukua ndoo ya donati, akaifunika kwa shali ambalo Janeen alimwachia, akaanza kutembea kuelekea ambako binti yake angesimama.